Kitalu cha maua Kisumu: miche iko sawa, ila hizi okidi za msituni waache

Karibu miaka miwili sasa nanunua maua kwa hiki kitalu cha kando ya barabara hapa Kisumu na miche yao ya kawaida sina neno nayo. Bogonvilia zangu zote zimeshika, bei poa, mbolea wanakuchanganyia bure, na yule mama anakuambia wazi huu ni wa kivuli, huu wa jua.

Sasa Jumamosi nikakuta okidi imening'inizwa kwa waya, bado imekumbatia kipande cha gome, gome lenyewe bichi na alama ya panga unaiona. Nikauliza imetoka wapi. "Hiyo ni orijino ya msitu wa Kakamega, mia nane tu dadangu." Roho iliniuma sana.

Watu hudhani hii mimea inanyonya mti, si kweli, imekaa tu huko juu kutafuta mwanga, maji inapata kwa mvua na ukungu. Mizizi yake imevaa ngozi nyeupe kama sponji, nilimwagia maji kidogo kwa chupa yangu na ikageuka kijani nikiangalia hivi. Ndio maana ukiizika kwa chungu cha udongo inakosa hewa inaoza, jirani yangu alinunua hapo hapo na haikumaliza hata miezi miwili. Na usifikirie itaota nyingine haraka huko ilikotolewa, mbegu ni kama vumbi, hazina chakula chao, mpaka zikutane na kuvu inayozilisha ndio zimee, halafu ni miaka kabla uone ua. Huo msitu wa Kakamega ndio kipande kilichotubakia cha msitu wa mvua ule wa upande wa Kongo, na umekatwa vya kutosha tayari. Okidi karibu zote ziko kwa orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa, lakini hapa zinaning'inia tu karibu na sukumawiki.

Nilimwambia mama alete zile zinazokuzwa kwa maabara, mtu anaweza nunua roho safi. Alinisikiliza vizuri, akasema kuna mzee huwaletea hizi kwa gunia. Kwa gunia jamani!

Nyota mbili. Mvua ikianza nitapitia miche ya avokado, na nikikuta hilo gunia bado linakuja nahama.