Kiburu cha Mbuyuni, msosi wa mchana unaoufuata kwa miguu

Mwezi wa saba walikuja manesi ofisini kwetu hapa Moshi kutupima presha, mimi nikakutwa 152 kwa 96 na nilikuwa najijua mzima kabisa, siumwi hata kichwa. Nesi akaniambia ikikaa 140 kwa 90 au zaidi hata ukirudia siku nyingine basi hiyo ni presha ya juu, akaniuliza mchana unakula nini. Nikamwambia ukweli, chipsi mayai na soda, au wali wa mtu aliyekuwa anatuletea ofisini, ukimaliza sahani inabaki inang'aa mafuta.

Mwenzangu wa mapokezi ndo akanipeleka kwa mama mmoja anapika maeneo ya Mbuyuni, karibu na soko. Huyu mama haleti ofisini, hana boda wala hapokei oda ya simu, ukitaka kula unamfuata. Mwanzo niliona usumbufu, maana toka Mnara wa Saa mpaka kwake ni kama robo saa ukikaza mwendo, na kurudi unapandisha jua liko utosini na mlima wenyewe saa hizo umeshajifunika mawingu. Afu siku moja nikapiga hesabu, robo saa kwenda, robo saa kurudi, mara siku tano, dakika 150! Ndo zilezile WHO wanazosema mtu mzima azifikishe kwa wiki. Yaani watu tunaokaa kwenye kiti kutwa nzima tunazipata bila kulipia gym wala kununua raba mpya.

Sasa chakula. Kiburu chake ni ndizi na maharage vimechemka pamoja mpaka vimelainika, anavipondea mulemule sufuriani kwa mwiko, hakaangi kitu, na kinakaa tumboni, ile saa kumi ya kutuma mtu maandazi mimi sina habari nayo tena. Pembeni anakuwekea mnafu, ule wenye uchungu wake, kauchemsha kidogo tu bado uko kijani, na anaujaza kweli sio vile vijani vitatu vya kupambia sahani. Ukitaka ugali ni wa dona, na tofauti unaiona kwa macho, una vile vidoa vya pumba ambavyo kwenye sembe vimebaki mashineni pamoja na kiini cha hindi. Sahani 3,000, msimu wa parachichi unaongeza 500 unapewa nusu.

Kasoro zipo. Mabenchi machache, ukichelewa unakula umesimama, na juisi yake anatia sukari nyingi sana, mwambie mapema akuwekee isiyo na sukari. Kubwa zaidi ni magadi. Kiburu wengi wanatia magadi maharage yaive haraka, na magadi yana sodiamu kama ilivyo chumvi, kwa mtu wa presha si kitu cha kula kila siku. Nilimwamkia shikamoo nikamweleza taratibu, akanisikiliza, akasema "Mwanangu, bila magadi yatachelewa, utasubiri?" Nikamwambia nitasubiri mama. Kesho yake nakuta sufuria ndogo pembeni ya ile kubwa, kaloweka maharage tangu usiku. Jamani nilifurahi, mahoteli mangapi utawaambia wapunguze chumvi wakusikilize?

Dawa naendelea nazo na kliniki naenda kama nilivyoambiwa, msije mkaacha zenu kwa sababu ya kiburu. Ila kwa mabosi wanaosoma hapa, wetu alitukubalia kuongeza dakika 20 kwenye mapumziko ya mchana tunazifidia jioni, na sasa tunashuka watu tisa kwa mguu, hata mhasibu ambaye alikuwa hatoki mezani kwake. Ongeeni na watu wenu.

Ukienda, fika kabla ya saa saba. Ile sufuria ndogo siku hizi wengi wameijua na inaisha mapema kuliko kubwa.