Kigari cha kukunja kwa mkono mmoja: tazama hapa kabla ya kukipeleka Dubai au Disney

Haya wazazi wenzangu, karibuni tena. Leo kilicho mezani ni hiki kigari cha mtoto mnachoniulizia kila siku: "Tunawapeleka watoto Dubai likizo ya Agosti, je, kitafaa?" Rangi zake, uzito wake, idadi ya mifuko, hayo yamechapishwa kwenye sanduku na mnayajua, nayaruka. Kuna namba moja tu sitairuka, tutaifikia. Ninachotaka tukiangalie leo ni kule kukunja, kwa sababu sanduku linasema "mkono mmoja, sekunde moja", na hapo ndipo damu inanichemka.

Kwa nini nishikilie kukunja? Kwa sababu safari ya bustani za michezo kama Disney ni safari ya kukunja na kukunjua kutwa nzima. Hesabuni nami. Uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, mlangoni tu mwa jengo, kigari kinapita kwenye mashine ya ukaguzi kikiwa kimekunjwa. Ukaguzi wa ndani, tena. Mlangoni mwa ndege, tena. Teksi, tena. Mabasi ya Disney kule Florida nayo yanataka kigari kikunjwe kabla hujapanda. Na mara zote hizo mtoto yuko wapi? Yuko mkononi mwako. Kwa hiyo huo mkono mmoja si urembo wa matangazo, ndio mkono uliobaki.

Sasa tazameni. Kamera isogee hapa chini, nataka waone hii ndoano ya pembeni. Nimeshika mfuko wa mchele wa kilo 10 kwa mkono wa kushoto, ni karibu uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Nateleza kitufe kwa kidole gumba, nabana mpini, nasukuma chini... mmeona? Kimekwama. Kimekunjika nusu, na ndoano haijashika. Hapa ndipo watu hukirudisha dukani wakisema ni kibovu. Si kibovu. Kina masharti manne ambayo sanduku halikuyataja, na hilo ndilo linaloniudhi.

Sharti la kwanza, kikapu cha chini kiwe tupu. Chupa moja tu ya maji ya nusu lita inazuia fremu isishuke. Itoe. La pili, mgongo wa kiti uwe wima. Kama mtoto alikuwa amelala, kiti kimelazwa, kitambaa kinajikunja kati ya vyuma. Vuta huu mkanda wa nyuma hadi mwisho kwanza. La tatu ndilo linalowashinda wengi: magurudumu ya mbele. Angalieni, hili limegeuka upande. Likikaa hivi, uma wake unagonga fremu ya nyuma na panabaki nafasi ya upana wa kidole, ndoano haifiki kwenye pini yake. Dawa yake ni kusukuma kigari mbele nusu hatua, mbele, si nyuma, magurudumu yafuate yenyewe na yalale nyuma. Basi. La nne, funga klipu ya mkanda wa mtoto kabla ya kukunja. Ukiiacha wazi, mikanda inaning'inia na kuingia kwenye bawaba, na ukilazimisha unaweza kuupasua mkanda unaomlinda mtoto.

Narudia sasa, masharti yote yametimia. Breki iko chini. Kidole gumba, bana, sukuma... *ta!* Mmesikia? Huo mlio ndio unaoutafuta. Usipousikia, usikiinue, maana kitafunguka mkononi ukiwa kwenye ngazi za umeme. Na vidole vya mtoto viwe mbali na hii bawaba. Mkubwa wa miaka minne anayetaka kusaidia, mpe kazi ya kubeba kofia, asiguse hapa.

Kukunjua ni rahisi zaidi, lakini kuna hatua moja watu huiruka. Kikifunguka, bonyeza mpini chini kwa nguvu kabla ya kumweka mtoto. Fremu ikiwa haijafunga vizuri, afadhali ikuangukie wewe mikononi kuliko kumwangukia mtoto.

Sasa mtaniuliza, kwa hiyo unakipenda au hukipendi? Nilianza nikiwa nimekasirika, lakini ukishazoea hayo manne, mikono inafanya yenyewe. Kinachokera ni mtengenezaji kuuza sekunde moja badala ya kuchapisha ukurasa mmoja wa maelezo. Kigari chenyewe ni kizuri.

Halafu hii namba niliyosema sitairuka: kilo za mtoto. Geuza kigari, tafuta kibandiko. Vingine vimeandikwa kilo 15, vingine 22. Mtoto wa miaka mitatu kwa wastani ana kilo 14 hivi, wa miaka mitano ana kilo 18 hivi. Kwa hiyo cha kilo 15 kitakutosha leo, na mwakani hakina kazi. Msiniambie "wangu anatembea". Nyumbani anatembea, naam. Kwenye bustani za michezo mtu anatembea kilomita nyingi kwa siku, na ikifika saa tisa alasiri huyo huyo wa miaka mitano anakaa chini njiani. Cha kilo 22, nunua hicho.

Wenzake nao? Kile cha mwavuli cha bei ya chini, kinachojikunja kikawa kirefu: kinataka mikono miwili na mguu, na hakiingii kwenye kabati la mizigo juu ya viti vya ndege. Kile kikubwa cha magurudumu matatu ni raha kwenye vijia vyetu vyenye mashimo, lakini Disney ya Marekani ina mpaka wake: upana sentimita 79, urefu wa mbele hadi nyuma 132. Pima kabla hujafika langoni. Na vile vitoroli vya kuvuta kwa mkono, ambavyo naona vinauzwa sana mtandaoni siku hizi, Disney ilivipiga marufuku tangu Mei 1, 2019. Msibebe. Kukodi huko huko kunawezekana, ila cha kukodi kwenye bustani za Disney hakitoki nje ya lango, kwa hiyo kutoka langoni hadi basi, mtoto ni begani.

Kosa jingine nataka mlione kwa macho. Naning'iniza begi hili kwenye mpini. Mchele uko kitini, kigari kimetulia. Nautoa mchele... kimeanguka chali. Uzito wa begi uko nyuma ya magurudumu ya nyuma, na mtoto ndiye aliyekuwa akiusawazisha. Begi ni la mgongoni au la kikapuni.

Na joto. Dubai Agosti hupita nyuzi 40, na Agosti ndiyo likizo ya watoto wetu. Basi chagueni bustani za ndani zenye kiyoyozi: IMG Worlds pale Dubai, au Ferrari World na Warner Bros. World kule kisiwa cha Yas, Abu Dhabi. Legoland ya Dubai nzuri kwa watoto wa miaka 2 hadi 12, lakini sehemu kubwa iko nje, iwekeni Desemba. Popote mtakapokuwa, tafadhali sana, msifunike kigari kwa leso, yaani kanga, kumkinga mtoto na jua. Hewa inakwama ndani na joto linapanda haraka. Vuta hiki kipaa hadi mwisho, weka feni ndogo ya betri yenye wavu, mpe maji. Feni hiyo na pawabenki ziingie nawe ndani ya ndege. Zisisahaulike kikapuni kigari kikienda na mizigo, maana pawabenki haziruhusiwi huko chini.

Hiyo leso ina kazi yake nyingine. Kata kipande, kifunge mpinini. Nje ya kila bembea kubwa kuna uwanja wa kuegesha vigari, vyeusi na vya kijivu tupu, na wahudumu huvihamisha ili kupanga nafasi. Ukitoka hukikuti ulipokiacha, lakini leso utaiona. Pasipoti na pesa usiziache humo hata kidogo.

Mwenye watoto wawili, mkubwa na mdogo, ulizia Rider Switch pale Disney: mzazi mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha mnabadilishana bila kupanga foleni upya. Mpimeni mkubwa nyumbani kabisa. Bembea ya Slinky Dog Dash inataka kimo cha sentimita 97, Space Mountain ya Florida 112. Afadhali alie Nairobi kuliko alie mbele ya mlango wa bembea.

Bei. Hapa Nairobi, bei ya Eastleigh na ya duka la Westlands si moja kwa kitu kile kile, na mimi kwa kigari cha aina hii sipiti shilingi elfu 12 za Kenya. Ukienda kununua, mwambie muuzaji akupe ukikunje mwenyewe mara tano pale pale. Ndoano isiposhika hata mara moja na masharti yote yametimia, chukua kingine. Na kinunue mapema, zisipungue wiki mbili kabla ya safari, ukizoee. Makombo ya biskuti yakiingia kwenye reli, tumia mswaki mkavu, kisha mafuta ya silikoni kidogo. Mafuta ya kupikia hapana, yanashika vumbi.

Jumapili saa mbili usiku tuko mubashara hapa hapa, tunaweka hiki na vingine viwili ndani ya buti ya gari dogo la Vitz tuone kinachobakiza nafasi ya masanduku. Jisajilini, na niandikieni hapo chini umri wa watoto na mnakokwenda, nitaanza na wa Agosti.