AudioControl LC2i: Sauti Bora Bila Kung'oa Redio Iliyokuja na Gari

Ushauri ambao mwenye gari huupata kwanza anapolalamikia sauti ni kwamba aing'oe redio na kuweka nyingine. Ushauri huo ulifaa wakati redio ilikuwa kisanduku kinachochomoka peke yake, lakini katika gari kama Mazda Axela yenye mfumo wa Mazda Connect, skrini hiyohiyo ya redio ndiyo inayoonyesha kamera ya nyuma na ndiyo inayobeba mipangilio mingi ya gari, huku ikiendeshwa kwa kitufe cha kuzungusha kilicho kando ya gia. Ukiiondoa, unapoteza mengi kuliko unayopata. Kwa sababu hiyo niliamua kuiacha mahali pake katika Axela yangu, ambayo haina spika za Bose, na kuitafutia nguvu nje, yaani ampu (kikuza sauti) inayounganishwa na redio kupitia LC2i, kifaa kidogo cha kampuni ya Kimarekani ya AudioControl.

Ni vyema kueleza kwanza kasoro inayotibiwa. Hata pale redio ya gari inapoandikwa wati 50 kwa kila spika, hesabu haikubali: injini ikiwaka umeme wa gari hufika takriban volti 14.4, na kwa volti hizo ampu ndogo iliyomo ndani ya redio haiwezi kuipa spika ya omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) zaidi ya wati 26 hivi kabla sauti haijaanza kukwaruza. Juu ya hayo, redio nyingi za kiwandani hupunguza besi kadiri unavyoongeza sauti, ili spika nyepesi za milangoni zisipasuke. Ndiyo maana rumba ya Kikongo husikika imejaa ukiwa umesimama kwenye taa za barabarani, kisha ukiongeza sauti barabara kuu gitaa la besi linatoweka na kubaki magitaa membamba yakilia peke yao.

LC2i huchukua sauti kutoka kwenye nyaya za spika, ikaishusha hadi kiwango ambacho ampu ya nje inaweza kuipokea kwa nyaya za RCA, yaani nyaya za kubebea sauti ambayo bado haijakuzwa. Hustahimili nguvu ya hadi wati 400, kwa hiyo redio ya kawaida haiwezi kuilemea. Ina jozi mbili za matokeo, moja ya sauti nzima na nyingine ya besi, na kila moja ina kirekebishaji chake. Mgawanyo huo ulinifaa sana kwa kuwa ampu yangu ni ya chaneli nne, mbili zikiendesha spika za mbele na mbili zilizounganishwa pamoja zikiendesha subwufa (spika kubwa ya besi), huku spika za nyuma zikibaki kwenye redio kama zilivyokuwa. Jambo lingine zuri ni kwamba kifaa hutambua chenyewe redio inapowashwa na kuiamsha ampu, hivyo fundi hahitaji kutafuta waya wa kuwashia katika mtandao wa umeme wa gari, kazi ambayo katika magari ya sasa si ya kubahatisha.

Sifa yake kubwa ni AccuBASS, sehemu inayorudisha besi iliyopunguzwa na redio, na hapa ndipo subira inapohitajika. Ina virekebishaji viwili: kimoja huamua besi irudishwe kwa kiasi gani, kingine huamua kazi hiyo ianzie kwenye kiwango gani cha sauti. Niliona inafaa kuizima kabisa kwanza, kupandisha redio hadi robo tatu ya uwezo wake, kurekebisha viwango vya ampu na LC2i vilingane mpaka sauti iwe safi, kisha kuongeza AccuBASS kidogo kidogo hadi gitaa la besi lirudi mahali pake. Ikizidishwa, besi hufunika sauti ya mwimbaji, na katika taarabu, ambamo maneno ndiyo roho ya wimbo, hilo ni hasara kubwa. Ikipimwa vizuri, tofauti huwa wazi: uwiano wa besi na waimbaji unabaki uleule, gari likiwa limesimama au likiwa mwendoni.

Mahali pa kuchukulia sauti pia pana uzito. Ukiunganisha LC2i kwenye nyaya za spika za nyuma, kisha abiria akahamishia sauti yote mbele kwa kutumia skrini, subwufa itanyamaza pia. Nyaya za mbele ni salama zaidi. Waya mkuu wa ampu lazima uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, wala si karibu na ampu, kwa sababu hatari ya moto iko katika urefu wote wa waya unaopita chini ya zulia.

Kifaa hiki hakitengenezi kilichoharibika kabla ya kukifikia. Redio nyingi za magari ya Japani zilitengenezewa masafa ya FM ya 76 hadi 90 MHz, ilhali Capital FM ya Nairobi iko 98.4, kwa hiyo wengi wetu tunatumia ekspanda, kifaa kidogo cha kushusha masafa ya stesheni, ambayo ikiwa ni ya MHz 20 huifanya stesheni hiyo ionekane kwenye 78.4. Mikwaruzo inayoletwa na ekspanda duni itapita kwenye LC2i na kutoka ikiwa na nguvu zaidi. Muziki kutoka kwenye simu ndio unaonyesha thamani ya kazi yote.

Mwenye gari lililokuja na spika za Bose au mfumo mwingine wenye ampu yake ya kiwandani asikinunue kwa pupa. Katika mifumo hiyo mara nyingi twita (spika ndogo) hupewa sauti nyembamba pekee na spika kubwa hupewa nzito pekee, nayo LC2i, ikiwa na mapokeo mawili tu, haiwezi kuziunganisha tena ziwe sauti moja kamili. Kazi hiyo inaifaa LC7i ya kampuni hiyohiyo, yenye mapokeo sita na uwezo wa kujumlisha sauti zilizogawanywa. Kwa gari lenye redio ya kawaida na mtu anayetaka kuongeza subwufa na kuzipa nguvu spika za mbele, LC2i inatosha, na ningeinunua tena.