Chakula cha mimea tupu: mbwa wangu sawa, paka hapana

Jamani wenye mbwa na paka, nina mwezi wa pili sasa na hiki chakula kikavu cha mimea tupu, mfuko wa kilo 10, nilichukua kwenye duka la dawa za mifugo hapa Dar maana Jeki wangu alikuwa anajikuna mpaka anatoka vidonda na daktari wa mifugo akahisi ni aleji ya kuku. Humo kuna soya, mbaazi, mchele, unga wa malenge, unga wa mlonge, mbegu za kitani, na wameongeza vitamini B12 ambayo kwenye mimea huipati.

Kwa Jeki nimeridhika. Siku za mwanzo alikuwa ananusa anaondoka, nikawa namchanganyia kidogo kidogo na ugali, wiki ya pili akawa anamaliza bakuli. Choo kimekuwa kizuri, nadhani ni lile malenge, kujikuna kumepungua sana ingawa hakujaisha. Gesi tu ndo imezidi. Mbwa kakaa na binadamu miaka na miaka tumbo lake linasaga wanga vizuri, kwa hiyo chakula kama hiki kikipangwa sawasawa anaishi nacho.

Sasa kilichoniuma ni paka. Mfuko umeandikwa kabisa "mbwa na paka", kuna na picha ya paka, nikampa Chausiku wiki nzima bila wasiwasi, namshukuru daktari aliniambia hebu soma lebo utafute neno taurini, kile kirutubisho cha lazima kwa paka. Nimesoma mara tatu, haipo! Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, anaitoa kwenye nyama na samaki, akiikosa muda mrefu macho yanaharibika mpaka upofu na moyo unatanuka unachoka. Hii siyo habari mpya, tangu 1987 watafiti wa California walishaonyesha paka wenye moyo wa hivyo wanapata nafuu wakipewa taurini, na viwanda vikaanza kuiongeza. Tena inatengenezwa kiwandani bila nyama yoyote, sasa hawa imewashinda nini? Na wanavyosifia malenge na mlonge kwa vitamini A, mbwa sawa anaibadilisha mwilini, paka hawezi, anataka ile iliyo tayari kama ya kwenye maini.

Halafu mwishoni kabisa kwa maandishi madogo, unga wa kitunguu saumu. Muuzaji ananiambia eti unafukuza viroboto, ni kitu cha asili hakina madhara. Hapana kaka, vitunguu vinaharibu chembe nyekundu za damu, mbwa wanaumia na paka wanaumia zaidi, na kiasi hawajaandika. Nimemuomba awapelekee ujumbe watengenezaji watoe kile kitunguu na waifute ile picha ya paka, akasema atawaambia, bado nasubiri.

Kwa hiyo nyota 3 za mbwa, za paka sitoi hata moja. Huu mfuko wangu nikiumaliza nitatafuta mwingine usio na kitunguu saumu kabla sijarudi kwao. Chausiku amerudia chakula chake cha paka cha zamani chenye taurini, jioni namuongezea dagaa wa kuchemsha bila chumvi, na ile supu yake namimina yote kwenye bakuli lake maana ukichemsha taurini nyingi inahamia kwenye maji, mimi miaka yote nilikuwa naimwaga.