Uzoefu wangu: nilivyoona misuli ya nyonga ikifanya kazi kwenye ultrasaundi

Tangu nijifungue mtoto wa pili nimeambiwa "fanya Kegel", yaani mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, na kila mtu: nesi wa kliniki, daktari wa wanawake, mashoga zangu, hata dada anayenisuka. Maelezo yalikuwa yale yale, bana kama unazuia mkojo, basi. Nikabana. Nilibana kwenye daladala, nilibana nikipika, nilibana kitandani, na mkojo ukaendelea kunitoka nikikohoa, nikicheka kwa nguvu au nikinyanyua ndoo. Kilichoniumiza zaidi ni sala. Nainuka kutoka kwenye sijida, nahisi tone limetoka, udhu umekwenda, naanza upya. Mwanamke anayeswali atanielewa.

Kilichonifungua macho ni mashine ya ultrasaundi, ile ile ya kumwangalia mtoto tumboni, ila safari hii ilikuwa mikononi mwa mtaalamu wa fiziotherapia na ilielekezwa kwenye kibofu na misuli inayokibeba. Nilifanyiwa hapa Dar es Salaam, hospitali binafsi. Naeleza kwa kirefu kwa sababu nilipokuwa nikitafuta maelezo kabla ya kwenda, nilichopata ni matangazo ya shabu na vidonge vya kubana uke. Shabu inakausha ngozi. Haigusi msuli wowote.

Kwanza maandalizi. Unatakiwa ufike kibofu kikiwa na mkojo wa kutosha, kwa hiyo nilielekezwa ninywe maji kama saa moja kabla na nisiende chooni. Hapa nina lalamiko la dhati. Miadi ilikuwa saa nne asubuhi, nikaingia ndani saa sita inakaribia. Kumkalisha kwenye benchi mwanamke anayevuja mkojo, kibofu kimejaa, muda wote huo, ni kumtesa. Mapokezi walijua nimekuja kwa shida gani na hakuna aliyenifuata kuniambia foleni imechelewa, nikajisaidie kwanza ninywe tena baadaye. Hospitali inayotoa huduma hii iipange miadi yake kwa kufikiria kibofu cha mgonjwa.

Ndani mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mtaalamu ni binti mdogo kwangu, akaniamkia shikamoo, akavuta pazia, akanipa kanga ya kujifunika. Nilivua kidogo tu, nguo ikashuka hadi chini ya kitovu, usawa wa mfupa wa kinena. Jeli ya baridi, halafu kile kichwa cha mashine akakilaza juu kidogo ya mfupa, akakiinamisha kuelekea chini. Kisha akaigeuza skrini nikaiona vizuri nikiwa nimelala.

Picha si ngumu kusoma ukishaelekezwa. Mkojo ni maji, mawimbi ya sauti yanapita bila kurudi, kwa hiyo kibofu kinaonekana cheusi. Nyama zinazokizunguka ni za kijivu. Ukingo wa chini wa ile sehemu nyeusi ndio wa kukazia macho, maana chini yake ndipo ilipo misuli yenyewe, imetandazwa kutoka mfupa wa mbele hadi nyuma kwenye kifandugu.

"Haya dada, bana kama unavyobanaga nyumbani."

Nikabana. Ule ukingo ukashuka. Nikabana tena kwa nguvu zaidi, ukashuka zaidi. Hakuhitaji kusema kitu, nilikuwa naona mwenyewe: pumzi nimeizuia, tumbo nimelikaza, na kibofu nakisukuma chini, kinyume kabisa na kinachotakiwa. Nilimuuliza kama ni mimi tu, akasema hapana, anawaona wengi. Na jambo hilo limeshapimwa. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwaelekeza wanawake 47 kwa mdomo tu namna ya kubana, halafu wakawapima. Waliofanya inavyotakiwa ni 23. Wengine 12 walikuwa wakifanya kwa namna inayoweza kuongeza tatizo la kuvuja. Yaani robo yao! Fikiria wangapi huku kwetu tumepewa maelezo ya sentensi moja tukiwa tumembeba mtoto kwenye korido ya kliniki.

Kilichonishangaza zaidi ni habari ya Kegel mwenyewe. Alikuwa daktari wa wanawake Marekani, Arnold Kegel, na mwaka 1948 alipoandika kuhusu mazoezi haya hakuwaacha wagonjwa wake wabane kwa kubahatisha. Alitengeneza kifaa cha kuingiza ukeni kilichounganishwa na geji, ili mwanamke auone mgandamizo ukipanda anapobana sawasawa. Kuona ilikuwa sehemu ya tiba tangu siku za mwanzo. Tulichorithishwa sisi ni jina na neno "bana".

Turudi kitandani. Akaniambia niache kila kitu, nipumue. Niingize pumzi, niitoe taratibu, na inapotoka ndipo nianze. "Usifikirie mkojo. Zuia ushuzi, kama uko mbele ya wakwe, halafu vuta kwenda mbele na juu." Mara ya kwanza hakikutokea kitu. Akaweka mkono wake tumboni kwangu kunikumbusha nisikaze. Tukarudia, na nikauona ukingo wa kibofu unapanda katikati, taratibu, kama shuka iliyosukumwa na kidole kutoka chini. Milimita chache tu. Lakini nilizihisi wakati huo huo nilipoziona, na hiyo ndiyo faida yote ya mashine hii: picha inatembea pamoja na mwili wako, kwa hiyo unajua ni hisia ipi hasa unatakiwa kuitafuta ukirudi nyumbani. Hakuna maneno yaliyowahi kunifikisha pale.

Akanionyesha na jambo jingine ambalo sikuwahi kulisikia. Nikishabana, misuli yangu ilichelewa kuachia. Unaona ukingo umebaki juu, halafu unashuka kwa vituo. Alilisisitiza sana: kuachia nako ni zoezi. Wapo wanawake ambao shida yao ni misuli iliyokaza muda wote, wanaumia kwenye tendo la ndoa au wanapata taabu kupata choo, na hao wakizidisha kubana wanajiumiza. Hapo ndipo ninapoogopa haya mashauri ya jumla kwamba kila mwanamke abane.

Sasa mipaka yake, kwa sababu sitaki mtu aende akidhani ni muujiza. Kupimia juu ya tumbo kunafaa sana kwa stara, hakuna kuvua chupi na hakuna kidole, na nawashauri wenye hofu waanzie hapo. Ila picha ile haina mfupa wa kupimia. Tumbo likikisukuma kichwa cha mashine, au mkono wa mtaalamu ukiteleza, kibofu kinaweza kuonekana kimepanda wakati hakijapanda. Pia haionyeshi nguvu ya msuli. Kwa nguvu, bado kipimo cha kidole ndicho kinachotumika, kwa ridhaa yako, na una haki ya kukataa.

Ndiyo maana miadi iliyofuata alinieleza njia ya pili, akaniuliza kama niko tayari, nikakubali. Kichwa cha mashine kinavalishwa mfuko safi, kinapakwa jeli, kinawekwa kwa nje kati ya mapaja. Hakiingizwi. Kwa njia hii mfupa wa kinena unaonekana upande mmoja, ukifuatiwa na mrija wa mkojo na shingo ya kibofu, kisha uke, na nyuma kabisa njia ya haja kubwa. Mfupa hauhami, kwa hiyo kila kitu kinapimwa kutokea pale. Nilipobana niliona msuli wa nyuma ukivutwa mbele kuelekea kwenye mfupa, na shingo ya kibofu ikinyanyuka.

Halafu akaniambia nikohoe. Nikakohoa, shingo ya kibofu ikaporomoka kwenda chini na nyuma, ghafla, nikaelewa kwa nini natoka mkojo. "Sasa bana kwanza, ishikilie, ndiyo ukohoe." Nikafanya. Ilishuka, lakini kidogo sana. Tofauti ya picha zile mbili ndiyo iliyonipa imani ya kuendelea. Siku hizi nabana kabla ya kupiga chafya, kabla ya kunyanyua ndoo, kabla ya kuinuka kutoka kwenye sijida. Hii ya mwisho niliiomba mwenyewe tuifanyie mazoezi, na dada yule hakuishangaa. Tulitandika mkeka chini nikarudia mpaka nikaweza kuoanisha pumzi na kuinuka.

Mazoezi ya nyumbani hayana maajabu. Alinipa kiwango kinachofanana na mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu: kubana angalau mara 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Mwezi wa kwanza sikuona nafuu ya maana. Baadaye kikohozi kikaanza kupita salama, kisha kicheko. Ndoo iliyojaa bado inanishinda siku nikiwa nimechoka. Kwenye sala napumua sasa, mara nyingi nakamilisha kwa udhu mmoja.

Je, inastahili pesa? Kwangu imestahili, lakini si kwa kila miadi. Kikao chenye mashine kilikuwa ghali kuliko cha kawaida, na bima yangu ilikataa kulipa kwa sababu kwao ultrasaundi ni ya uchunguzi tu, haimo kwenye mazoezi. Na ukweli ni kwamba utafiti mkubwa uliotoka Uingereza mwaka 2020, wenye wanawake 600, uliona kwamba kuongeza kifaa cha kuonyesha kazi ya misuli kwenye mazoezi hakukuleta nafuu zaidi ya mazoezi peke yake baada ya miaka 2. Kile kilikuwa kifaa cha kunasa umeme wa misuli, siyo ultrasaundi, lakini kinatosha kunifanya nisimwambie mtu akope ili aangalie skrini kila mara. Lipia pale mwanzo, ujue unabana nini. Lipia tena ukiwa umefanya mazoezi kwa bidii na huoni mabadiliko. Kama mtaalamu amekupima kwa kidole akakuthibitishia unabana sawasawa, pesa yako itunze.

Kuna wanawake ambao habari hii yote haiwahusu, na nawaomba wasipoteze muda. Kama mkojo unatoka wenyewe, usiku na mchana, bila kukohoa wala kunyanyua kitu, na ulianza baada ya uchungu wa muda mrefu au upasuaji wa uzazi, hiyo huenda ni fistula. Hilo ni tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayazibi tundu. Hospitali ya CCBRT hapa Dar es Salaam wanatibu fistula bila malipo, nenda huko moja kwa moja. Na ukiona damu kwenye mkojo, anza kwa daktari.

Wengine, mkipiga simu kuulizia huduma hii, msiishie kuuliza "mna ultrasaundi?" Kila hospitali inayo. Uliza kama anayeishika ni mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea misuli ya nyonga, kama skrini itageuzwa uione, kama unaweza kupata wa kike, na foleni yao huwa inachelewa kiasi gani ili ujue saa ya kunywa maji.