Wijeti moja ihamishwe, au kila kichupo kiwe na yake?

Ukiandika programu ya nyumba ya wageni hapa Lamu, swali hili hukufikia mapema. Kile kisanduku cha kutafuta mgeni ni wijeti, yaani kipande cha skrini anachokitumia mtumiaji, nacho kinatakiwa kwenye kichupo (tab) cha vyumba, cha malipo na cha safari za mashua. Utengeneze kimoja ukihamishe, au klasi moja, yaani kiolezo cha msimbo, izae vitatu?

Kwa kumbukumbu ya kompyuta kimoja kinashinda, ingawa kwa kisanduku kidogo tofauti huioni. Raha yake ni kwamba jina uliloandika kwenye vyumba unalikuta kwenye malipo.

Mtihani ni kama utakitegemea. Katika Qt, maktaba ya kutengenezea skrini za programu, wijeti ina mzazi mmoja tu, yaani sehemu inayoibeba: ukiiweka kwenye mpangilio wa kichupo cha pili, cha kwanza kinabaki kitupu. Itabidi uihamishe kila mtumiaji anapobadili kichupo. Tkinter, maktaba kama hiyo ya Python, ndiyo kabisa, mzazi huchaguliwa wakati wa kuunda na habadilishwi baadaye. Mimi nimewahi kupoteza jioni nzima nikitafuta kisanduku kilichohamia kwa jirani.

Vitatu havina mikiki hiyo, na marekebisho hufanywa kwenye klasi pekee. Ila data isikae ndani yake. Iweke kwenye modeli moja, yaani sehemu ya programu inayotunza data, vyote viisome, la sivyo mgeni yuleyule ataonekana yuko Shela kwenye kichupo kimoja na Mokowe kwenye kingine.

Wijeti yako ni nzito, tuseme ramani? Hamisha moja. Ni fomu ndogo? Zaa nyingi. Na kisanduku kikihitajika kila kichupo, mimi hukitoa nje kabisa, juu ya vichupo vyote.