Chakula kikavu cha mbwa: usiulize kama kina nafaka, uliza kina pumba kiasi gani

Picha ya nyama ndiyo iliyoniponza. Mfuko wa kilo 15, paja la kuku linang'aa kwa mbele, na chini yake "protini asilimia 26". Siku ya nne mbwa wangu Bosi alishaanza kujisaidia mara nne kwa siku, mirundo mikubwa utadhani nafuga ndama. Nikachukua kijiti nikabonyeza mmoja. Ndani kulikuwa na vipande vyembamba vya kahawia, maganda yaleyale niliyoyaona nilipovunja punje ya chakula mkononi. Yaliingia mdomoni, yakatembea tumbo zima, yakatoka salama salimini.

Nilipolalamika, muuzaji akanijibu kwa uhakika wa daktari: "Shida ni nafaka, chukua hiki kisicho na nafaka." Kiasi cha bei kilikuwa karibu mara mbili. Nikarudi nyumbani kusoma, na sijaacha kukasirika tangu siku hiyo.

Nafaka haina kosa. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2013 ulionyesha kuwa mbwa mwitu (wolf kwa Kiingereza) wana nakala 2 za jeni ya AMY2B, ile inayotengeneza kimeng'enya cha wanga, wakati mbwa wa nyumbani wana kati ya 4 na 30. Mate ya mbwa hayana msaada hapo, kazi yote inafanywa na kongosho na utumbo mwembamba. Wanga wa mchele au mahindi ukisagwa laini na kuiva vizuri kiwandani, mbwa mzima anaumeng'enya kwa zaidi ya asilimia 95.

Balaa ni pumba. Nyuzi zake hazimeng'enywi, zinaharakisha chakula kupita, na zile zinazochachuka zinalisha bakteria wa utumbo mpana, ambao nao wanatoka na kinyesi wakiwa wamebeba nitrojeni, sehemu ya protini. Pumba zina faitati pia, kemikali ya asili ya mbegu inayoshika zinki na fosforasi zisifyonzwe. Halafu tazameni hesabu hii. Chakula kinachomeng'enywa kwa asilimia 90 kinaacha 10. Cha asilimia 80 kinaacha 20. Kwenye karatasi ni tofauti ya kumi tu, lakini mwenye kushika koleo anaona mzigo umekuwa mara mbili, na hapo sijahesabu maji.

Lebo haikwambii haya. Ile protini ya asilimia 26 ni nitrojeni iliyopimwa ikazidishwa kwa 6.25, basi. Inatoka kwenye nyama, kwenye maganda, kipimo hakijali. Mwaka 2007 vyakula vya wanyama viliondolewa madukani Marekani na Kanada kwa sababu gluteni ya ngano, yaani protini yake, kutoka China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi, ili protini ionekane kubwa. Kipimo kikapita. Mbwa na paka wakafa kwa figo.

Basi nafaka za kwenye chakula cha mbwa mimi nazipanga hivi, kuanzia bora.

Namba moja ni chenga za mchele. Msizidharau kwa kuwa ni vipande: ni mchele uleule uliokobolewa, umevunjika tu, na tumbo la mbwa linaupokea kuliko nafaka nyingine zote. Hapa sijifichi, mimi ni mtu wa Purina Pro Plan ya samaki wa salmoni na mchele. Nafaka imetajwa kwa jina, Bosi anajisaidia mara mbili, kinyesi kigumu kinachookoteka. Hakuna anayenilipa kusema hivi, ningependa kulipwa.

Mahindi yanafuata, mradi yawe yamesagwa laini. Mahindi yamesingiziwa mengi. Ukikuta chembe za njano kwenye kinyesi, tatizo ni kinu na jiko, kwa sababu chembe kubwa haiivi hadi katikati. Jambo la kuwa macho nalo ni kugawanya jina: "mahindi", "unga wa mahindi", "gluteni ya mahindi", kila moja ikishuka chini ya nyama kwenye orodha. Orodha inapangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa, na nyama mbichi sehemu kubwa ni maji. Zijumlishe uone nani mkubwa.

Shayiri na oti naziweka nafasi ya tatu. Zina nyuzi zinazoyeyuka, kwa hiyo kinyesi kinakuwa kingi na laini kidogo, na zile "nyuzi ghafi" za kwenye lebo hazizihesabu vizuri. Kwa mbwa mnene anayeshinda na njaa, zinafaa.

"Bila nafaka" ni za mwisho. Wanaondoa mchele wanajaza njegere na dengu, na mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuchunguza uhusiano wa vyakula hivyo na ugonjwa wa moyo kutanuka. Jibu la mwisho halijatoka, ila mimi silipi zaidi ili mbwa wangu awe sehemu ya uchunguzi.

Za bei ya chini kabisa: zikiandikwa "nafaka na mazao yake" bila jina, rudisha rafuni. Hayo "mazao" yanaweza kuwa pumba.

Ukishachagua, changanya kipya na cha zamani kwa siku 7 hadi 10, usibadilishe ghafla. Mfuko wangu nilijaribu kuurudisha. Haupokelewi, kwa sababu umefunguliwa. Nikamuuliza muuzaji, nisingeufungua ningeziona wapi pumba? Akamgeukia mteja mwingine, akaanza kumwonyesha lile paja la kuku.